Kiapo cha Merikebu Sitini

Ellenburne, Uingereza
Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, mwaka 1035

Kaka yangu mpendwa Ketil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mwaka jana kimekwisha. Mimi sijambo. Mama Leofrun, mtawa mwalimu wetu, anakusalimu, ingawa alinikunjia uso aliponipa salamu zenyewe. Hajasahau ulivyotoroka shule ya mapadri aliyokutafutia ukaenda kupiga makasia.

Bila shaka habari imeshafika huko Denmark: Mfalme Knut amefariki. Amezikwa Winchester. Sisi wanafunzi wa watawa tulisimama kwenye tope kandokando ya barabara tukalitazama jeneza likipita, na mimi nililia. Nilishangaa, maana maishani nilimwona mara moja tu, tena kisogo.

Kesho yake Mama Leofrun alitupa swali la kujibu kwenye vibao vyetu vya nta: je, Uingereza, Denmark na Norwei zinaweza kubaki chini ya taji moja, ikiwa mwenye taji amekufa? Mwenzangu Eadburh alisema haiwezekani, bahari ni pana mno. "Mfalme akipiga chafya Denmark, sisi huku tunamwambia pole baada ya miezi miwili," alisema, na darasa zima likacheka. Mimi niliandika kwamba inawezekana. Niliandika kuhusu baba yetu Toki, alivyofika hapa na upanga, na kuhusu mama, ambaye ndugu zake waliuawa na panga za aina hiyohiyo. Hata hivyo waliishi pamoja mpaka homa ilipowachukua, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa chumvi ya uji. Kama meza moja iliweza, kwa nini falme tatu zishindwe?

Mama Leofrun aliandika chini yake: "Vizuri. Sasa nani ataishika meza?"

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa unamtumikia mwana wa mfalme aliye huko. Kaskazini ya Mto Thames watu wanamtaka kaka yake, wa mama mwingine. Hapa kwetu wamegawanyika. Bwana Elfsige, msimamizi wa wilaya, yuko tayari kushika daraja na bandari kwa ajili ya mwana wenu, lakini anataka ahadi ya mtu anayemjua. Alikuja hadi langoni kwetu akaniambia, "Sitaki neno la askofu, binti. Nataka neno la mtoto wa Toki."

Nipe neno, kaka. Mnakuja?

Mdogo wako,
Tova


Ribe, Denmark
Wiki ya kwanza ya Kwaresima, 1036

Tova, wewe kitabu chenye miguu,

Kikohozi kimekwisha. Kimemhamia jirani yangu wa kasia, na sasa anatukoholea sote kwa zamu.

Naona bado unaandika kama askofu. Na Mama Leofrun je, bado anatembea kama bata aliyemeza rungu? Usimsomee hapo. Nakumbuka fimbo yake vizuri kuliko Kilatini chake.

Jibu langu: tunakuja. Mwambie Elfsige. Baada ya Pasaka, merikebu sitini, na mwana mwenyewe akiwa katika ile ya mbele. Washike daraja, washike bandari, wasimfungulie mtu wa kaskazini hata dirisha la banda la kuku. Wakitaka kiapo, waapie. Mwenye neno akiwa ng'ambo, ndugu yake wa karibu humwapia, na mimi sina mwingine. Kiapo chako ni changu.

Huku baridi haitaki kuondoka. Padri wetu ananung'unika kwa kuwa matanga yetu ya sufu bado yamejaa kwenye dari la kanisa lake, na anaongoza misa chini ya sufu inayonuka kondoo. Jumapili panya alidondoka kutoka juu akamwangukia mke wa mhunzi katikati ya Baba Yetu. Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Barua hii anaileta Odo, yule muuza mawe ya kusagia. Mpe jibini, atakupenda.

Kwa mkono wangu mwenyewe,
Ketil mwana wa Toki


Ellenburne
Jumatano kabla ya Jumapili ya Matawi, 1036

Kaka mpendwa,

Nimeapa.

Nataka kukueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sitaki kusahau. Baraza la wilaya lilikaa mahali pake pa siku zote, kwenye Jiwe la Kijivu, na mvua ilikuwa ya manyunyu. Niliposimama, Wulfgeat mchoma mkaa alipaza sauti: "Huyu si ni Mdenmark nusu? Ni nusu ipi itakayoapa?" Bwana Elfsige akamjibu, "Ile yenye mdomo, mjinga wewe. Wako uufunge." Watu wakacheka na mimi nikapata pumzi.

Niliweka mkono juu ya mfupa wa mtakatifu nikasema kwamba mwana wa mfalme atafika baada ya Pasaka na merikebu sitini, kama alivyosema Ketil mwana wa Toki. Kisha Elfsige akauliza nani watasimama nami. Nilijua sheria inataka kumi na wawili, na usiku wote nilikuwa nimehesabu nikawapata watano tu. Mama Leofrun alitoka wa kwanza. Halafu Elfsige mwenyewe. Halafu wakaendelea kutoka, wanawake kwa wanaume, na mmoja baada ya mwingine wakasema: "Kwa jina la Bwana, kiapo alichoapa Tova ni safi, hakina uongo." Hakuna aliyenigusa, lakini nilihisi kama wote wameniwekea mkono mgongoni.

Kuna jambo moja la kukiri. Nilimsomea Mama Leofrun kile kipande cha merikebu tu, na baraza vivyo hivyo. Niliogopa angeona mambo ya bata. Nilisema barua iliyobaki ni habari za nyumbani.

Baada ya baraza aliniambia kwamba nikitimiza miaka kumi na sita atanikabidhi darasa la wadogo, na kwamba wilaya itanitumia kuwaandikia mikataba na kuishuhudia. Unajua nilivyolitamani jambo hilo. Sasa naweza kulisema bila haya, kwa kuwa watu kumi na wawili wamesema neno langu ni safi. Asiyeaminika neno hawezi kushuhudia hata mauzo ya mbuzi, kwa hiyo fika upesi, Ketil. Nitakupikia uji wenye chumvi nyingi, kama alivyoupenda baba.

Mdogo wako,
Tova


Ellenburne
Sikukuu ya Mtakatifu Swithun, Julai 1036

Ketil,

Pasaka imepita. Pentekoste imepita. Kila Jumamosi napanda kilima ambacho kutoka juu yake bahari inaonekana.

Kwanza nilidhani ni upepo. Baadaye nilidhani umekufa maji, nikaomba misa ya wafu kwa ajili yako, na katikati ya misa nikaona haya, kwa sababu niligundua kwamba nilikuwa nikitumaini. Ukiwa umekufa maji, basi hukunidanganya. Mungu anisamehe.

Wulfgeat sasa akinikuta njiani hutazama angani na kuhesabu kwa sauti: "Hamsini na nane, hamsini na tisa... hee, moja imepotelea wapi?"

Andika. Hata mstari mmoja.

Tova


Ribe
Mwanzoni mwa Septemba, 1036

Mdogo wangu,

Niko hai, niondoe kwenye orodha ya wafu. Umeniua mapema mno, hata urithi sijakuachia.

Mambo yamechelewa kidogo. Unajua wakuu walivyo. Wanorwei wamewafukuza watawala wetu na kujiwekea mfalme wao, na mwana wetu hawezi kugeuza mgongo. Juzijuzi tulikwenda naye mtoni mpakani kuongea nao mambo ya uvuvi na mipaka. Hakuna kubwa. Itakuwa majira ya kuchipua, mwaka ujao, bila shaka yoyote. Waambie watulie.

Nakuletea chanuo la pembe ya yule mnyama mkubwa wa bahari ya barafu. Huku wasichana wote wanalo.

Wakikuuliza zaidi, sema upepo.

Ketil


Ellenburne
Sikukuu ya Mtakatifu Klementi, Novemba 1036

Kwa Ketil mwana wa Toki,

Anayekuandikia ni Leofrun, ambaye alikufundisha kushika kalamu. Mdogo wako hajui kwamba naandika.

Wiki ya Mtakatifu Martin walikuja wapanda farasi wenye silaha kutoka kaskazini, sitini hivi. Waliotimiza hesabu ile ni wao. Wakamtaka Elfsige afungue daraja. Akasema hawezi, ameapa. Walichoma nyumba yake na ghala lake, na wakamkata mkono wa kuume, kwa sababu ndio aliouinua alipoapa. Yeye na mkewe wanalala katika banda letu la nyasi. Anajifunza kula kwa mkono wa kushoto, na hataki kusaidiwa.

Baada ya hapo Tova alinipa barua yako ya Kwaresima, yote, akapiga magoti. Nilipita mambo ya bata haraka. Nilisimama kwenye matanga.

Baba yangu alikuwa fundi wa matanga pale Hampton, Ketil. Nilikulia chini ya sufu inayonuka kondoo. Tanga la kusafiri baada ya Pasaka huteremshwa kabla ya Kwaresima, hupakwa mafuta na udongo mwekundu, na huachwa wiki tano au sita likauke. Yenu yalikuwa darini na panya. Hakuna mtu Ribe aliyekuwa anajiandaa kwenda popote, na wewe ulikuwa umekaa chini yake ukiandika "tunakuja". Kama mtoto yule angenionyesha barua nzima, mkono wa Elfsige ungekuwa mahali pake. Hilo analijua. Hapati usingizi.

Odo amesema na mengine. Amesema kule mtoni hamkuongea habari za samaki. Mwana wenu na mfalme wa Norwei wameapiana kwamba atakayekufa kwanza, mwenzake arithi nchi yake. Amesema mashahidi wa kiapo hicho walipewa mashamba mpakani, na kwamba wewe una shamba, na mke Mnorwei, tangu Agosti. Kumbe unajua kiapo ni nini.

Baraza litakaa baada ya Pasaka kumhukumu Tova kwa kuapa uongo. Akipatikana na hatia, neno lake limekufa. Hatashuhudia, hatafundisha, hatazikwa kati ya Wakristo. Andika ukweli, utie jina lako, na uulete kabla ya siku hiyo. Umri wake ni miaka kumi na sita.

Leofrun


Kungahälla, mpakani mwa Norwei
Februari 1037

Tova,

Leofrun ameniandikia yote. Hii isome peke yako, kisha uichome.

Nilijua. Kabla sijachovya kalamu nilijua kwamba hatuji. Tulikuwa watu tisa wenye ndugu Uingereza, na tuliitwa pamoja tukaambiwa la kuandika: Pasaka, merikebu sitini. Walitaka mtushikie bandari huku wao wakitazama upande wa Norwei. Kama mngechoka kusubiri, basi. Mimi niliongeza panya na bata ili ionekane ni barua yangu, si yao. Sikufikiri kuhusu matanga. Sikufikiri kuhusu Elfsige. Alinifundisha kuogelea, Elfsige.

Unataka kujua kama zile falme zingeweza kudumu? Eadburh wenu alikuwa na akili. Ule haukuwa ufalme, ulikuwa mtu mmoja aliyekuwa akikimbia kati ya milango mitatu kuizuia isifunguke. Alipoanguka, kila mmoja wetu aliangalia mlango ulio karibu naye. Mimi nina ng'ombe kumi na mmoja sasa, na Ragnfrid ana mimba ya miezi sita. Hiki naweza kukishika kwa mikono yangu.

Siwezi kutia jina kwenye ukweli, Tova. Mwana wa mfalme bado anaahidi kuja, na anayesema kwamba ile ahadi ya kwanza ilikuwa uongo anamwita yeye mwongo. Shamba hili lingeondoka siku hiyohiyo. Na ardhi ya baba huko ingeondoka pia, maana mtu aliyetangazwa mwongo barazani hana ardhi Uingereza.

Lakini ipo njia. Waambie baraza kwamba dhoruba ilizivunja merikebu. Uape mara moja zaidi, uwaambie mwaka huu zinakuja kweli. Wanakupenda, watakuamini. Halafu uje huku. Ragnfrid amekutengea kitanda karibu na moto. Hakuna atakayekuuliza kiapo chochote.

Ichome.

Kaka yako, sasa na siku zote,
Ketil


Ellenburne
Jumatatu ya pili baada ya Pasaka, 1037

Kwa Ketil,

Sikuichoma.

Nilikaa nayo wiki tatu. Nilijaribu njia yako, nataka ulijue hilo. Niliandika maneno ya dhoruba kwenye kibao cha nta, nikayasoma kwa sauti ndani ya ghala la unga ili nione kama naweza. Niliweza vizuri sana. Ndipo nilipoogopa, nikayafuta.

Leo baraza limekaa. Wulfgeat alikuwapo, na safari hii hakufanya mzaha, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Bwana Elfsige si msimamizi tena, lakini walimpa kiti. Msimamizi mpya aliniuliza kama nilijua kwamba merikebu hazitakuja. Nilisema hapana. Akauliza, "Nani alijua?"

Nilisema, "Ketil mwana wa Toki, ndugu yangu wa tumbo moja, alijua." Kisha nikazisoma barua zako, ya kwanza hadi ya mwisho. Nilisoma na mambo ya bata, kwa sababu mara ya kwanza nilichagua cha kusoma na mtu akapoteza mkono. Mama Leofrun alicheka kwa sauti. Alikuwa peke yake. Nilisoma na habari ya ng'ombe, na ya Ragnfrid, na ya kitanda karibu na moto.

Niliwaambia pia kosa langu mwenyewe, kwamba niliwaficha nusu ya barua kwa kuogopa kuchekwa. Sikutaka lisemwe na mtu mwingine.

Msimamizi akauliza kama kuna atakayesimama nami. Nilitazama chini. Nilikuwa nimeamua kutohesabu. Nilisikia viatu kwenye tope, na Mama Leofrun akanong'ona, "Inua kichwa, mwanangu. Sikuapa kwamba merikebu zitakuja. Niliapa kwamba wewe husemi uongo, na sijaona cha kunifanya nibadilike." Bwana Elfsige alikuwa amesimama upande wake. Aliinua mkono wa kushoto. Mwandishi akasema sheria inataka wa kuume, na Elfsige akamwambia, "Basi nenda kautafute." Wulfgeat alikuwa wa kumi na mbili. Alisema maneno ya kiapo haraka huku akitazama pembeni, kama mtu anayekunywa dawa.

Neno langu liko hai. Darasa la wadogo naanza Jumatano. Wako saba, na mmoja anakula nta ya kibao.

Wewe umetangazwa mtu asiye na neno. Ardhi ya baba imechukuliwa. Elfsige ataishi hapo, mimi mwenyewe niliomba iwe hivyo. Jina la mwana wa mfalme pia lilisomwa, kwa hiyo sijui shamba lako litakuwaje habari zikifika huko. Nililijua hilo nilipokuwa nasoma. Nimemwomba Odo akufikishie barua hii kabla hajasema lolote kwa wengine, upate muda wa kumwambia Ragnfrid mwenyewe.

Kuhusu falme, nadhani umekosea. Mfalme mmoja hawezi kuzuia milango mitatu, hilo kweli. Lakini hakuwa peke yake. Wewe ulikuwa mlango mmoja na mimi mwingine, na Elfsige alikuwa daraja. Tungeweza. Mimi bado naamini hivyo, na darasani nitawaambia hivyo hata Eadburh akicheka. Bahari haikutushinda, Ketil. Odo anaivuka mara mbili kwa mwaka akiwa amebeba mawe.

Nimesikia mtoto atazaliwa mwezi ujao. Nitamwombea kila siku, na akijifunza kusoma nitamwandikia.

Chanuo nimempa mke wa Elfsige. Siku ukirudi Uingereza, utafikia Jiwe la Kijivu kama mgeni yeyote, na kabla hujaruhusiwa kufungua mdomo utatakiwa kuwa na watu kumi na wawili wa kuapa kwamba neno lako ni safi. Nimejaribu kukuhesabia. Kwa sasa mimi si mmoja wao.

Tova binti Toki